Teleka mdogo ama teleka kiuno-cheupe? Namna ya kuwatofautisha ukiwa Nakuru, Kisumu na huku magharibi

Wacha nianze na aibu yangu. Miaka miwili mizima nilikuwa najaza kwenye eBird, ile tovuti ya kurekodi ndege, teleka kiuno-cheupe kila nikiwa Nakuru tauni, ishirini leo, arobaini kesho, kwa sababu nilikuwa naona ndege mweusi ana doa jeupe juu ya mkia nikasema basi, si jina limejisema lenyewe. Kumbe hao wote walikuwa teleka mdogo. Jina ndilo lilinipoteza, maana hapa kwetu kuna teleka watatu wa kawaida wenye kiuno cheupe na ni mmoja tu alipewa hilo jina, ni kama kijiji kina wazee watatu wenye upara halafu mmoja tu ndiye anaitwa Kipara, mgeni akiingia atauliza Kipara ni nani na ataonyeshwa kichwa chochote kinachong'aa.

Kwanza tuelewane tunaongea juu ya nani. Wengi wetu tukiona kitu cheusi kinakata hewa juu ya mabati tunasema mbayuwayu na tunaachia hapo. Teleka si mbayuwayu. Ukimkuta ametua kwa waya wa stima, huyo ni mbayuwayu, umemaliza kazi, enda ukanywe chai, kwa sababu teleka hatui kwa waya wala kwa tawi. Miguu yake ni mifupi sana na vidole vyote vinne vimetazama mbele kama kulabu, anaweza kuning'inia ukutani lakini kushika waya hawezi. Hata hilo jina Apus ni la Kigiriki, maana yake asiye na miguu. Mabawa ni marefu na yamepinda kama mundu, na akiruka unaona kama bawa lote limekauka, halikunjiki katikati vile la mbayuwayu linakunjika. Yule teleka wa Ulaya, Apus apus, ambaye hupita hapa kwetu akihama, watafiti wa Uswidi walimfunga vifaa vidogo vya kurekodi na mwaka wa 2016 wakatoa ripoti kwamba baadhi yao walikaa hewani miezi 10 bila kutua. Miezi 10! Mimi nikisimama stage dakika 20 nalalamika.

Sasa hawa wawili wetu. Teleka mdogo ni Apus affinis, kiuno-cheupe ni Apus caffer. Wote weusi, wote koo jeupe, wote kiuno cheupe. Mdogo ana urefu wa sentimita 12 hadi 13, mwenzake 14 hadi 15 na kitu, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni mkia. Ndege akiwa juu ya ghorofa ya tano na wewe uko chini umeshika mkoba wa nyanya, hizo sentimita mbili sahau kabisa, ukubwa hautakusaidia.

Kila mtu atakuambia anza na mkia, na si uongo, ila kuna ujanja. Mkia wa teleka mdogo umekatwa mraba, kama mtu amepitisha makasi moja kwa moja, na akiupanua unakuwa wa duara kidogo na mwanga unapita katikati ya manyoya unauona kama karatasi. Mkia wa kiuno-cheupe ni mrefu na una panda, panda ya kweli, imeingia ndani. Shida ni kwamba huyu kiuno-cheupe anapenda kuufunga. Akiufunga huoni panda hata kidogo, unaona kitu kimechongoka kama msumari nyuma yake, na hapo ndipo watu wanakosea wanasema mkia hauna panda kwa hivyo ni mdogo. Hapana. Mkia uliochongoka ni dalili ya kiuno-cheupe, kwa sababu wa mdogo hata akiufunga vipi hauchongoki, unabaki butu. Ngoja tu akate kona, akikata kona ataufungua sekunde moja hivi na utaona zile ncha mbili zikiachana kama makasi. Halafu pia ujue ndege mchanga panda yake si ndefu, na hata mkubwa akiwa anabadilisha manyoya ya pembeni ya mkia panda inapungua, kwa hivyo mkia peke yake usiuamini sana.

Mimi siku hizi naanza na kiuno, na nitakuambia kwa nini. Mkia unafunguka na kufungwa, unabadilika kila sekunde, lakini lile doa jeupe liko vile liko. La teleka mdogo ni pana na limezunguka mpaka mbavuni, ni kama amefungwa taulo nyeupe kiunoni. Maana yake ni kwamba hata ukimtazama kutoka chini, ambapo mgongo huoni, weupe unachungulia huku na huku pembeni mwa kiuno, pande zote mbili. La kiuno-cheupe ni jembamba, liko juu tu, limepinda kama mwezi mchanga ama ukucha, na kutoka chini mara nyingi huoni kitu, unaona ndege mweusi tii mwenye koo jeupe. Kwa hivyo swali la kujiuliza ukiwa chini ni moja, je, naona weupe pembeni nikiwa huku chini? Ukiona, huyo si kiuno-cheupe. Ndiyo, najua inachekesha, yule ambaye kiuno chake ndio kimeandikwa kwenye jina ndiye ambaye kiuno hakionekani.

Umbo nalo linasaidia ukishawazoea. Mdogo ni mnene kidogo, mabawa mafupi na mapana, anapiga mabawa haraka haraka kama popo halafu anateleza kidogo halafu anapiga tena. Kiuno-cheupe ni mwembamba, mabawa membamba, anateleza kwa madaha, ukimwangalia unaona huyu hana haraka ya mtu. Mweusi wake pia unang'aa kidogo kwa jua na mdogo amefifia kwenye paji la uso, lakini hiyo ni ya watu wa kamera kubwa. Hao wa kamera pia watafute ukingo mwembamba mweupe nyuma ya bawa karibu na mwili, upo kwa kiuno-cheupe, kwa macho tu sijawahi kuuona.

Na tabia! Teleka mdogo ni ndege wa umati. Jioni kama saa kumi na mbili hivi, ukiwa tauni Nakuru na mvua imetishia halafu ikaahirisha, unaona wamejikusanya thelathini, hamsini, wanazunguka jengo moja kwa kasi wakipiga kelele nyembamba ya haraka haraka, kama mtu anakokota kidole kwa meno ya kitana. Kiuno-cheupe unampata wawili, pengine wanne, na hana kelele nyingi, akitoa sauti ni ya chini zaidi na ya polepole. Kwa hivyo ukiona umati unapiga nduru juu ya stage ya matatu, uwezekano mkubwa ni mdogo. Lakini usiweke wote kwenye gunia moja, kiuno-cheupe mmoja ama wawili wanaweza kuwa wamejichanganya humo ndani wakitafuta wadudu, nimewaona hivyo mara nyingi, na raha yenyewe ya hii kazi ni kumpata huyo mmoja.

Kama unataka jibu ambalo halina ubishi, tafuta kiota. Teleka mdogo anajenga kwa majengo, chini ya paa, pembe za balkoni, chini ya madaraja, na viota vyenyewe ni kama matambara machafu yamebandikwa ukutani, manyoya, nyasi, nyuzi, vyote vimegandishwa kwa mate yake, kimoja kimeshikana na kingine mpaka hujui cha nani ni kipi. Chini yake ukuta umechafuka vizuri sana. Anavitumia mwaka mzima hata kulala, kwa hivyo ukifika jioni unaweza kuwahesabu wakiingia.

Kiuno-cheupe yeye ni mambo mengine. Hapa lazima niwaambie ya Bungoma. Nilikuwa nimesimama kwa baraza ya duka moja karibu na soko, mvua ya mchana ile ya huko inayonyesha kama imelipwa, na juu ya kichwa changu kulikuwa na kiota cha udongo cha yule mbayuwayu mwenye michirizi kifuani, kile kinachofanana na kibuyu kimelazwa, tumbo la duara na shingo ndefu ya kuingilia. Nikawa naangalia tu kwa sababu sina la kufanya. Kwenye mdomo wa hiyo shingo kulikuwa na nyoya jeupe la kuku limebandikwa, limetokeza nje nusu, linatikisika na upepo. Nikajiuliza mbayuwayu ameanza lini kuweka mapazia. Nikamuuliza mama wa duka.

"Mama, hawa ndege ni wako?"

"Wenye nyumba walifukuzwa, kijana wangu. Walijenga na matope wiki nzima, wamemaliza tu, wakaja hao weusi wakaingia. Walipigana hapa mpaka moja ikaanguka kwa gunia la mahindi."

"Na wewe ukawaacha?"

"Sasa nitafanya? Hata sisi kuna watu wamejenga kwa shamba letu."

Nikangoja. Kama dakika 15 hivi, mvua ikipungua, kitu cheusi kikaja kwa kasi ambayo nilirudi nyuma, kikaingia kwa ile shingo bila hata kusimama, na kabla hakijapotea ndani niliona mkia, mrefu, umefungwa, msumari kabisa. Huyo ndiye Apus caffer. Yeye anapenda kunyang'anya viota vya matope vilivyofungwa, vya mbayuwayu wenye michirizi na ndugu zao wa kiuno chekundu, ingawa pia anaweza kuingia kwenye tundu la ukuta. Akishaingia anatandika manyoya na mate, na yale manyoya yanayochungulia mlangoni ndiyo saini yake. Sasa kila nikipita huku Kakamega, Mumias, Busia, naangalia baraza za watu juu juu mpaka wanafikiri mimi ni fundi wa gypsum. Na si hapa tu, miaka ya 1960 huyu ndege alipoanza kuzaliana kusini mwa Uhispania alikuwa akifuata viota vya mbayuwayu wa kiuno chekundu waliokuwa wanaongezeka huko, yaani alivuka mpaka Ulaya na tabia yake ile ile ya kupanga kwa nguvu.

Nilisema ni watatu. Wa tatu ndiye anaharibia watu wa Nakuru, teleka wa Horus, Apus horus. Huyu kiuno chake ni kipana kama cha mdogo, kimezunguka mbavuni hivyo hivyo, lakini mkia una panda, panda fupi, si ya kuingia ndani kama ya kiuno-cheupe. Akiupanua ile panda inapotea na unaapa umeona mdogo. Ni mnene kifuani na koo lake jeupe limeshuka chini zaidi. Kwa hivyo hesabu iko hivi, kiuno kipana na mkia wa mraba ni mdogo, kiuno chembamba na panda ndefu ni kiuno-cheupe, kiuno kipana na panda fupi ni Horus. Anapenda Bonde la Ufa, upande wa Nakuru, Gilgil mpaka Naivasha, na yeye hajengi kwa nyumba wala hanyang'anyi matope, anaingia kwenye mashimo ya kingo za udongo ambayo wengine wamechimba, wale ndege wa kula nyuki ama mdiria. Ukiona teleka anaingia kwa shimo kwenye ukuta wa timbo, ama pale barabara imekatwa kwenye kilima, ama ukingo wa mto, anza kufikiria Horus kabla ya wengine.

Wengine wa kuchanganya ni wepesi. Kuanzia kama Oktoba mpaka Aprili kuna mbayuwayu mmoja wa Ulaya naye ana kiuno cheupe, lakini tumbo lake lote ni jeupe na hawa wetu tumbo ni jeusi, kwisha. Kisumu kwenye michikichi na minazi ya mapambo kuna teleka-mitende, mwembamba kama sindano, mkia umechongoka, anaweza kukudanganya ni kiuno-cheupe, ila yeye ni wa rangi ya majivu na hana weupe popote. Huyo anabandika kiota na hata mayai kwa mate kwenye jani la mtende linalopepea, mimi sijui analala vipi usingizi.

Sasa kuwaona kwenyewe. Kosa kubwa ni kuwaangalia dhidi ya mawingu meupe, hapo kila kitu ni kivuli, kiuno chenyewe huoni. Unataka uwe juu yao, ama nyuma yao kuwe na kitu cheusi. Ndio maana napenda Menengai, ile volkeno ya Nakuru, unasimama ukingoni na lile shimo liko chini yako, ni zaidi ya kilomita 10 kwa upana wake mrefu, na teleka wanapita chini ya miguu yako, unawaona mgongo wazi kabisa dhidi ya majani na yale mawe meusi. Huko pia wanapita teleka wakubwa weusi ama wa kahawia wasio na weupe kiunoni, hao waache kwanza, watakuvuruga kichwa. Kama huwezi kupanda Menengai, paa la ghorofa lolote litafanya kazi bora uongee na soja vizuri. Njia ya pili ni maji. Teleka anakunywa akiwa anaruka, anashuka anachota na mdomo wazi bila kusimama, na wakati huo mgongo unauona. Ziwa Nakuru ni la magadi kwa hivyo tafuta maji baridi, bwawa la shamba, mto, ama yale mabwawa ya maji taka, ndiyo yananuka, lakini wadudu wamejaa na ndege wako karibu mno. Kisumu subiri siku wale wadudu wa ziwa wametoka, wanasimama juu ya maji kama moshi wa kuchoma makaa, kaa upande wa Dunga na uangalie nani amekuja kula.

Saa nzuri ni asubuhi kabla jua halijawa kali, ama jioni, ama kabla ya mvua wingu likiwasukuma chini. Mchana wa jua wanapanda juu mpaka wanakuwa nukta, hapo usijisumbue.

Bainokula ya 8x42 inatosha na usichukue ya kukuza zaidi, hawa wanakimbia, utakuwa unaangalia anga tupu. Mfuate akiwa mbali kwanza kabla hujainua bainokula, usianze kumtafuta ndani yake. Na kama huna, simu inafanya maajabu, weka video ya slo-mo, elekeza mahali wanapopita kila mara, pale kwa kona ya jengo, usimfuate ndege yeyote, acha wapite wenyewe. Ukifika nyumbani unasogeza picha moja moja na unapata ile sekunde mkia umefunguka. Kwa kamera ya kawaida weka kasi ya shata 1/2000 na uongeze mwanga kidogo la sivyo utapata vivuli mia tatu. Nimewahi kupiga mia tatu. Nimefuta mia tatu.

Na ukishindwa, andika tu teleka, eBird ina nafasi ya kuweka hivyo bila kutaja spishi. Mimi nilirudi nikabadilisha zile za miaka miwili zote, ilinichukua Jumapili moja na chapati nne.

Kuna siku moja tu nimepata nafasi ya kulinganisha kitu nikiwa nimekishika. Ilikuwa Kisumu, watoto wa ploti wakanigongea mlango na mkebe wa Kimbo umefunikwa na daftari, "Anko, tumekuletea mbayuwayu amevunjika." Hakuwa amevunjika, alikuwa ameanguka chini tu na mabawa marefu hivyo na miguu ya kuazima kuinuka ni shida. Nikamtoa. Alikuwa mwepesi kama amejazwa hewa, kucha zikashika kidole changu kwa nguvu ambayo sikutarajia, na inzi mmoja bapa akatoka kwenye manyoya yake akakimbilia mkono wa shati langu, watoto wakapiga nduru. Nikawaonyesha, koo jeupe, paji la uso limefifia, doa jeupe juu ya mkia limeshuka mpaka mbavuni huku na huku, nikapanua mkia taratibu, nyoya la katikati na la pembeni urefu sawa. Mtoto mmoja akauliza kwa nini asirushwe juu. Usimrushe, akishindwa ataanguka vibaya. Tulienda mahali wazi nyuma ya ploti, nikamweka kwenye kiganja nikainua mkono juu ya kichwa nikangoja. Alitetemeka mabawa kama dakika moja, akashuka karibu aguse nyasi, akainuka, akapita juu ya tangi la maji, na yule mdogo kuliko wote akapayuka kabla sijasema kitu, "Mraba! Anko, mraba!"